Gunia la Kamba Nyeusi

Nyumbani kwetu, kwenye vilima vya Ohio, hakuna mtoto aliyekaa bure. Dada yangu Ida, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alikamua ng'ombe na kuwalisha farasi. Mimi Saloma, mdogo wake kwa miaka miwili, kila nikitoka shule nilifagia karakana ya Baba, kisha nikaenda kumtandikia Birdie maranda ya kulalia bandani kwake.

Birdie alikuwa farasi jike wa rangi ya kahawia aliyevuta gari letu. Sisi Waamishi, Wakristo tunaoshika maisha ya kale, hatuendeshi magari ya injini. Kanisani, dukani, hata kwenye mazishi, tunakwenda na farasi, na farasi akiumia nyumba nzima imekatwa miguu. Lakini mimi nilimpenda kwa sababu nyingine. Kila nikiingia bandani alinichomeka pua kwapani kutafuta tufaha, na nisipokuwa nalo aligeuka akanipa mgongo kama bibi harusi aliyenuna.

Baba, jina lake Enos, alikuwa fundi wa makabati. Alitufundisha kuijua miti kwa pua na kwa vidole. Mwaloni ulinuka siki. Mepo ulikuwa mweupe na laini mkononi. Hikori ni mti mbishi, utakumalizia meno ya msumeno kabla haujakubali kukatika, na ndiyo maana mipini ya shoka na vijiti vya magurudumu yetu vilitengenezwa kwa hikori. Mfalme wao alikuwa mjozi mweusi. Moyo wa mti huo una rangi ya kahawa iliyokolea, ubao wake haupindi hovyo wala hauozi upesi, na Baba akiupata ubao mzuri wa mjozi alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini siku nzima.

Maranda yaliyotoka kwenye mashine ya randa niliyatia magunia. Ya miti mingine nilifunga kwa kamba nyeupe, yakaenda kwa kuku. Ya mjozi mweusi nilifunga kwa kamba nyeusi, nayo yalikuwa ya kuchomwa jikoni tu. Baba alikuwa amesema mara moja kwamba gunia la kamba nyeusi haliingii bandani. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Watu wetu wana maneno machache, na mtoto anayeuliza sana huambiwa ana mdomo wa bata.

Mwaka ule ninaousimulia, upepo wa Septemba ulikuwa umeangusha mjozi mmoja mkubwa kwenye shamba la marehemu Gideon Mast, jirani yetu. Baba akaununua, akaupasua mbao, na mwezi mzima wa Oktoba karakana ilinuka mjozi. Mimi na Ida tuliokota kokwa za mijozi iliyobaki, tukazimwaga njiani ili magurudumu ya gari yapite juu na kuyavunja maganda yake ya kijani, kama watu wote wa kwetu wanavyofanya. Kisha tukazimenya. Utomvu wa maganda hayo ukikushika mikononi ni mweusi, na hakuna sabuni inayouweza. Ida alinitazama mikono akasema, "Saloma, ukifa leo watadhani umejichimbia kaburi mwenyewe." Yake ilikuwa hivyohivyo, lakini Ida hajawahi kuona doa lake.

Sasa nieleze habari za shamba la Gideon, maana ndilo lililonitia matatani. Nyumba ilikuwa tupu. Mjane wake alikuwa amehamia kwa binti yake, akaacha bustani kando ya mijozi. Miaka miwili mfululizo kabla hajahama, nyanya zake zilichipua vizuri, zikafika magotini, kisha zikanyauka kwa siku chache huku udongo ukiwa na unyevu. Hakuna mdudu aliyeonekana. Vijiti vya kuzishikilia vilibaki vimesimama pale, na mashina makavu yakining'inia juu yake. Watoto shuleni walisema Gideon hakutaka chochote kiishi baada yake. Walisema pia kwamba ukipita jioni utamsikia akigonga ndani ya nyumba, ko, halafu kimya, halafu ko, ko. Mama alipozisikia habari hizo alisema nyanya na mjozi havikai pamoja, basi, na kwamba mwenye nafasi ya kusikiliza marehemu ana nafasi ya kuosha vyombo.

Ijumaa moja Baba aliondoka kwenda kufunga makabati kwa mteja wa mbali. Aliniagiza nichukue kigari cha mkono, nikalete maranda ya msonobari kwenye kiwanda cha mbao cha Crist, nimtandikie Birdie upya. Njia ya kwa Crist inapita katikati ya mijozi ya Gideon.

Ilikuwa saa tisa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka bondeni hata sikuliona paa la ghala letu nilipogeuka nyuma. Mijozi hupukutisha majani mapema kuliko miti mingine, kwa hiyo ilisimama uchi, na kokwa zake nyeusi zimening'inia kwenye matawi. Magurudumu ya kigari yalikuwa yakilia, nami nikasimama ili yanyamaze. Hapo ndipo niliposikia. Ko. Sauti ilitoka upande wa nyumba. Nikashika pumzi. Ko, ko. Kisha kitu kikaburuzika taratibu kutoka juu hadi chini, kama mtu anayepitisha kucha kwenye bati, kikanyamaza.

Niligeuza kigari nikakimbia, na sikusimama mpaka nilipoiona milango ya karakana yetu.

Na pale karakanani, mbele yangu, palikuwa na magunia manne ya maranda. Yote yalikuwa ya kamba nyeusi, maana wiki hiyo Baba hakuranda mti mwingine. Nikajiambia kwamba maranda ni maranda. Nikajiambia Birdie hali matandiko, anayasimamia tu. Nilifungua magunia yote manne, nikayamwaga bandani, nikayasambaza vizuri, na kwa kuwa yalikuwa meusi sana nikayafunika kwa mabua makavu ya ngano. Mtu anayefunika kitu anajua anachofunika. Nilijua tangu saa ile, sitaki kujisingizia ujinga.

Wakati wa chakula cha jioni Baba aliniuliza kama nimemtandikia Birdie. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni maranda ya kwa Crist. Nikasema ndiyo, nikaomba nipewe viazi.

Asubuhi, kulipokuwa kunapambazuka, nilikwenda bandani na tufaha. Ukungu ulikuwa bado. Birdie hakunitia pua kwapani. Alikuwa amesimama katikati ya banda, miguu ya mbele ameitanguliza mbali, mwili ameuegemeza nyuma, kama anayekataa kuingia mahali ambapo mimi sikupaona. Jasho lilimtiririka shingoni ingawa kulikuwa na baridi. Miguu yake yote minne ilikuwa imevimba. Nilimwita, akanigeuzia macho tu, kichwa hakikusogea. Nilipogusa ukwato wake niliusikia moto. Hakutoa sauti hata kidogo, na ukimya wake ulinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Kwa akili yangu ya siku ile, jambo lilikuwa wazi. Mti ulitoka kwa Gideon. Mimi nimeuleta mpaka chini ya miguu ya Birdie. Kile kilichoua nyanya kimenifuata nyumbani.

Nilimwita Baba. Alimpapasa miguu, akaenda moja kwa moja kwenye pipa la mahindi. Kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Alimgeukia Ida, aliyekuwa ameingia na ndoo ya maziwa, akamuuliza kama jana alikifunga. Farasi akijilisha mahindi mengi kupita kiasi huweza kuvimba miguu namna ile. Ida alisema amekifunga. Baba akakitazama kifuniko. Ida akakitazama pia. Baadaye akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, "Nadhani nilikifunga, Baba." Baba akatoka kwenda kwenye kibanda cha simu kule barabarani.

Daktari wa mifugo alifika kabla ya saa mbili. Aliitwa Whitcomb, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, si mtu wa kanisa letu lakini alijua farasi wetu wote kwa majina. Alisikiliza tumbo la Birdie, akahesabu mapigo ya damu juu ya kwato, akamdunga sindano na kumnywesha mafuta kwa bomba la mpira. Alitueleza kwamba nyama ya ndani ya kwato imewaka moto. Isipopoa upesi, mfupa utang'oka kwenye ukwato, na farasi akifika hapo hatembei tena. Atalazimika kufanyiwa huruma ya mwisho, yaani kuuawa asiteseke.

"Kuna jambo halinikai sawa," alisema. "Kama ni mahindi, mbona tumbo limetulia? Mmemtandikia nini hapa?"

"Msonobari," Baba alijibu, akanitazama.

Nikaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya pili, na safari hii Ida alikuwa amesimama kando yangu akifuta machozi kwa ncha ya aproni. Ida, ambaye hata jino lilipong'olewa alitania. Alikuwa akinong'ona kwamba kama Birdie atakufa hatamlisha farasi mwingine maishani mwake. Niliyasikia yote hayo nikanyamaza. Niliona kwamba nikisema nitaulizwa kwa nini sikwenda kwa Crist, kisha nitaulizwa habari za kugongwa kwa bati, na watu watacheka. Ndivyo mwongo anavyopanga mambo yake, anaogopa kuchekwa wakati mwenziwe analia.

Daktari alitaka maji baridi sana ya kuloweka miguu. Maji baridi kuliko yote bondeni yalitoka kwenye chemchemi ya Gideon. Baba alinipa madebe mawili na kigari kilekile.

Nilikwenda. Sikuwa na ujasiri wowote, ila nilimwogopa Daktari kuliko marehemu. Nilichota maji, na mikono yangu ilipokuwa ndani ya chemchemi niliitazama. Maji yalikuwa safi kama kioo, na mikono ilikuwa bado myeusi. Nikaisugua kwa mchanga. Haikubadilika.

Ko.

Safari hii sikukimbia, kwa sababu madebe yalikuwa mazito na Birdie alikuwa akingoja. Niliinua macho nikalitazama paa la nyumba ya Gideon. Kokwa moja ilianguka kutoka kwenye tawi, ikapiga bati, ko, ikabingirika mpaka ukingoni ikikwaruza, ikaanguka kwenye nyasi. Kuchakulo, yaani kindi, akashuka mbio, akaichukua, akaondoka nayo. Nikabaki nimesimama pale na aibu yangu. Nilikuwa nimemkimbia kuchakulo.

Kisha nikaiona bustani. Vijiti vya nyanya vilikuwa karibu na mijozi, na nyasi zilikuwa zimeota kati yake, kijani kabisa. Kama marehemu alikuwa amekataza uhai, mbona nyasi hakuzikataza? Nikayakumbuka maneno ya Mama, kwamba nyanya na mjozi havikai pamoja. Hakusema nyanya na Gideon. Alisema nyanya na mjozi. Mti wenyewe una kitu ndani yake, na Baba alikuwa akijua, ndiyo maana ya kamba nyeusi. Pengine Daktari naye angejua la kufanya, kama angeambiwa kilichokuwa chini ya mabua. Na duniani pote alikuwapo mtu mmoja tu wa kumwambia.

Sijui nilifikaje. Nusu ya maji yalimwagika njiani. Wote walikuwa bado bandani, Baba, Mama, Ida na Daktari, na Birdie alikuwa ameanza kutetemeka mapaja.

"Baba, si mahindi," nilisema. "Sikwenda kwa Crist. Chini ya mabua nimeweka magunia manne ya kamba nyeusi."

Daktari alipiga goti, akayafukua mabua, akainua konzi la maranda yenye rangi ya kahawa. Hakunitazama.

"Mtoeni humo sasa hivi," alisema. "Kila dakika anayosimama juu ya haya yanamchoma."

Kutoka bandani hadi kwenye kijito ni hatua arobaini. Ilituchukua karibu nusu saa. Mama na Ida walisukuma kwa nyuma, Baba alimwinua mguu mmoja baada ya mwingine kwa mikono yake, nami nilikuwa mbele nimeshika kamba, nikirudi kinyumenyume na kumbembeleza. Kila alipokanyaga alivuta pumzi kama mtu. Tulipomwingiza majini Daktari alimwosha miguu mara tatu, kisha akasema abaki pale kwa muda mrefu. Baba aliniambia nimshike. Nilisimama naye kwenye kijito mpaka sikuhisi tena vidole vya miguu, na hakuna aliyeniambia nitoke, nami sikuomba.

Saa nane mchana Birdie aliinamisha kichwa akanywa maji. Nililia hapo, si mapema.

Daktari alipokuwa akiosha buti zake alinieleza. Alisema mjozi mweusi hauna uchawi. Mizizi, majani na maganda yake yana sumu inayozuia mimea mingine isiunyang'anye maji na chakula, na nyanya ni miongoni mwa mimea isiyoivumilia kabisa. Nyasi nyingi huivumilia. Maranda yake nayo hudhuru kwato za farasi kwa saa chache tu, hata yakichanganywa kidogo na mengine. Kisha akafunga mkoba wake.

"Mngengoja kuniambia mpaka jioni, ningebaki na dawa moja tu," alisema. "Unaijua ni ipi."

Niliijua.

Jumapili tulikwenda kanisani kwa miguu, maili tatu, tukiwa tumefuatana njiani kama bata. Magari ya jirani zetu yalitupita, na kila aliyetuuliza Birdie ana nini, Baba aliniachia mimi nimjibu. Nilijibu mara saba. Mara ya kwanza sauti haikutoka vizuri. Mara ya saba niliweza kulisema lote bila kutazama chini, pamoja na habari ya kuchakulo, na kweli walicheka.

Jioni Baba aliniita karakanani. Nilidhani nitachapwa. Alikuwa ameketi kwenye benchi akiwa na kipande cha mjozi mkononi, akikipapasa.

"Nilikupa kamba nyeusi nisikupe sababu," alisema. "Hilo ni langu, nalibeba. Mti huu si mbaya, Saloma. Una tabia yake, kama hikori ilivyo na ubishi wake, na anayeutumia ni lazima aijue. Lakini uongo hauna tabia njema hata moja. Ulipokosea, Birdie aliumwa. Ulipoficha, tulimtibu ugonjwa ambao si wake, na dada yako akabeba mzigo ambao si wake. Kosa likisemwa mapema lina dawa. Likifunikwa, linafanya kazi chini ya mabua."

Nikasema nimeelewa. Akasema bado, kwa sababu kwake nimekwisha kusema, lakini kwa aliyeubeba mzigo sijasema.

Ida alikuwa akikamua. Nilisimama nyuma yake nikamwomba msamaha kwa maneno yote, nikitaja uongo wa kwanza na wa pili. Kwetu msamaha ukiombwa hutolewa palepale, hivyo Ida alisema amenisamehe, bila kugeuka. Aliendelea kukamua kwa muda. Halafu akasema kilichomuumiza sana si Baba kumshuku, ni kwamba yeye mwenyewe alianza kujishuku. "Nimekusamehe kweli," alisema. "Ila ng'ombe hawa wanne ni wako mpaka Krismasi."

Niliwakamua mpaka Krismasi. Weusi wa mikono yangu ulikwisha kufifia kabla ya hapo, ukabaki chini ya kucha tu. Birdie alirudi kuvuta gari mwezi wa tatu, akichechemea kidogo asubuhi za baridi, na kuchechemea huko hakukumwacha mpaka alipozeeka. Kila nikimtoa bandani nilisikia ukwato mmoja ukigusa mawe kwa kuchelewa kuliko mingine, ko, halafu kimya, halafu ko, ko. Magunia ya kamba nyeusi niliendelea kuyafunga mimi, na mtoto yeyote aliyeingia karakanani nilimweleza sababu yake kabla hajaniuliza.